Mmoja Kati ya Elfu Kumi

Jana usiku niliikunjua karatasi ya dawa
juu ya meza ya jikoni, hapa Liepāja.
Ikatanda pana kama kitambaa cha karamu,
herufi zake ndogo kama mayai ya chawa.

Miaka thelathini na mmoja nilisoma prufu za gazeti.
Nilikamata mikato iliyotoroka,
nilimrudishia meya herufi ya jina lake
saa nane za usiku, mtambo umeshaanza kunguruma.
Basi msiniambie, "Velta, usisome."
Kusoma ndio ugonjwa wangu wa kwanza.
Wa pili ni huu moyo.

Huruka pigo, halafu hulipa deni, mawili kwa mpigo,
kama mtu anayeshuka ngazi gizani
akidhani zimekwisha, kumbe imebaki moja.
Tumezoeana. Asubuhi kidonge cheupe,
jioni nusu ya kile cha waridi,
na kile cha kuzuia damu isigande
kinachoniachia madoa ya zambarau
kila nikigusana na kona ya kabati.

Sasa kifua kimeshika kikohozi,
na daktari wa zamu, kijana,
koti lake lingali na mikunjo ya dukani,
ameandika cha nne bila kuuliza hivyo vitatu.

Aya ya nne, mstari wa kumi na mbili:
nadra, mapigo ya moyo kwenda mrama.
Nadra, wanafafanua chini, ni mmoja kati ya elfu kumi.

Mji wetu una watu elfu sitini na kitu.
Sita, basi.
Nani hao sita?
Si Aivars wa ghorofa ya chini,
anayepaka mkate mafuta ya nguruwe, moyo wake trekta.
Si mama wa sokoni mwenye samaki wa moshi,
huyo hata kifo kitamwomba apunguze bei.
Labda mwalimu wa piano wa mtaa wa pili.
Labda yule anayelisha shakwe na kuwatukana.
Nilihesabu hadi watano.
Kiti cha sita kilibaki wazi
nami nimesimama kando yake, nimeshika mkoba.

Ģirts akapiga simu kutoka Ireland.
"Mama, jipe moyo."
Ningejipa, mwanangu, kama ungeuzwa.
"Basi piga moyo konde."
Konde la nini tena? Unajipiga wenyewe vya kutosha.
Akacheka, kisha akanyamaza
hadi nikaisikia mvua ya huko kwenye dirisha lake.
"Umeshakimeza?"
"Bado."
"Usimeze. Uliza kwanza."

Saa mbili asubuhi nilikuwa mlangoni mwa duka la dawa
kabla Signe hajawasha taa,
upepo wa Baltiki ukinisukuma mgongoni
kana kwamba nyuma yangu pana foleni.
Nilimwagia vidonge vyote juu ya kaunta
kama mtoto aliyeambiwa atoe vya mfukoni.
Hakucheka.
Alisoma kimoja kimoja, kidole kikitembea chini ya jina,
ndivyo tulivyosoma sisi, wa prufu.
Kisha akainua simu.
"Ndiyo, daktari. Hapana, daktari.
Anatumia cha damu pia, daktari."
Kimya.
"Miaka sitini na tisa, daktari. Yupo hapa mbele yangu."

Boksi jipya. Kipimo cha damu Jumatatu.

Nyumbani nikaikunjua karatasi ya pili,
ndefu kuliko ya kwanza.
Mstari wa saba waliandika mgojwa.
Nikatafuta kalamu nyekundu, wino umekauka,
nikailowesha ncha kwa ulimi,
nikamrudishia mgonjwa herufi yake.

Ndipo nikameza.
Nikakaa, vidole viwili juu ya kifundo cha mkono,
moja, mbili, tatu,
(hapa akaruka)
tano,
na kwa mkono uliobaki nikajaribu kuikunja ile karatasi
irudi ilivyokuwa.
Haikunjiki. Hazikunjikagi.